Mvua ya vioo sawa, sayari ya almasi sawa, ila tuambieni wamejuaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii mnivumilie maana jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu. Ni kuhusu habari zenu za sayari za mbali, zile zilizo nje kabisa ya mfumo wetu wa jua. Mnaziandika mara kwa mara na mimi huwa nazisoma kabla hata ya kurasa za michezo, kwa hiyo sio kwamba sizipendi, nazipenda sana, tatizo mnatuandikia nusu. Mnatupa ile nusu ya kushangaza tu, sayari inayonyesha vioo, sayari ya almasi, pacha wa dunia kapatikana, mnaweka na picha kubwa yenye rangi za kila aina halafu habari inaishia hapo. Wamejuaje? Nani kafika huko? Hamsemi. Matokeo yake wasomaji tumegawanyika makundi mawili, kuna wanaoamini kila kitu mpaka ile picha wanadhani imepigwa na kamera, na kuna wale wanaosema haya yote ni stori za watu wanaotafutia bajeti. Makundi yote mawili mmeyatengeneza nyie wenyewe.

Tuchukue hiyo ya vioo maana ndo mnaipenda kuliko zote, kila baada ya muda inarudi kama habari mpya. Jina lake HD 189733 b, jina baya kama namba ya gari lakini ndo hilo. Iko umbali wa miaka ya mwanga kama 64, na mwaka mmoja wa mwanga ni karibu kilomita trilioni 9.5, zidisha mwenyewe. Ni sayari kubwa ya gesi, kubwa kidogo kuliko Mshtarii wetu (Jupita), na imeisogelea nyota yake kiasi kwamba inaizunguka kwa siku mbili na kitu tu, yaani mwaka wake ni mfupi kuliko wikiendi ndefu. Joto lake linapita nyuzi 1000 za Selsiasi, upepo unakimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa saa, na rangi yake ni ya bluu. Mpaka hapo mmeandika, sawa.

Sasa hiyo bluu waliijuaje wakati hakuna darubini yoyote duniani wala angani inayoweza kuiona sayari hiyo peke yake pembeni ya nyota yake? Kinachofika kwetu ni nukta moja ya mwanga, nyota na sayari vimechanganyika humo humo. Walichofanya mwaka 2013 na darubini ya Hubble ni hiki, walisubiri sayari ikaribie kupita nyuma ya nyota. Kabla haijajificha unapokea mwanga wa nyota ukijumlisha na ule mwanga kidogo sana unaogonga sayari na kurudi. Ikishajificha unabaki na wa nyota tu. Toa moja kwenye nyingine, kinachobaki ni cha sayari. Halafu wakaugawa mwanga kwa rangi zake, wakaona sayari ilipoingia nyuma ya nyota mwanga wa bluu ulipungua kidogo lakini kijani na nyekundu hazikupungua. Maana yake kilichokuwa kinarudishwa na sayari kilikuwa bluu. Basi! Hakuna aliyeiona, wametoa na kujumlisha, na mimi nikwambie ukweli Ndugu Mhariri, hiyo hesabu ya kutoa inanisisimua kuliko mvua yenyewe.

Na hiyo mvua sasa. Bluu ile haitokani na bahari, joto lote lile bahari itoke wapi. Maelezo yao ni kwamba angani kwake kuna chembe ndogo ndogo za silikati, jamii ya vitu vinavyotengeneza kioo, ndizo zinazotawanya mwanga wa bluu. Kama chembe zipo, na kama zinaganda kuwa matone, na upepo ukiwa wa kasi ile, basi mvua hiyo haitadondoka chini, itakwenda ubavu ubavu. Umeona hizo "kama"? Kwenye gazeti zilikatwa zote, ikabaki mvua ya vioo inanyesha kwa pembeni kana kwamba kuna mtu alikuwa huko na mwamvuli. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ikaongeza jipya, hewa ya hiyo sayari ina gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Hiyo ilipimwa, alama ya gesi ipo kwenye data, kama ushahidi ina nguvu kuliko mvua ya vioo, lakini kwenye vichwa vya habari zote mbili zinasimama sawa sawa.

Kwa wasomaji wasiojua, niseme kidogo jinsi sayari nyingi zinavyokamatwa, maana nikiwasubiri nyie nitazeeka. Njia kubwa ni kusubiri sayari ipite mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unafifia kidogo kwa masaa machache halafu unarudi ulivyokuwa. Ukififia tena baada ya siku zile zile, na tena, una sayari, na kiasi ulichofifia kinakwambia sayari ni kubwa kiasi gani. Mara ya kwanza hii kuonekana ilikuwa mwaka 1999 kwenye nyota inaitwa HD 209458, akina David Charbonneau na Greg Henry, mwanga ulishuka kama asilimia 1.5 hivi kwa masaa kama matatu. Hapo tunaongelea sayari kubwa. Mtu akiwa mbali huko akaliangalia jua letu wakati Mshtarii inapita mbele yake ataona limefifia asilimia 1, na dunia yetu ikipita jua linafifia kwa asilimia 0.008 tu. Darubini ya Kepler iliyorushwa mwaka 2009 ilikaa miaka minne ya kwanza inakodolea macho kipande kimoja tu cha anga, nyota zaidi ya 150,000 kwa wakati mmoja, kazi yake ilikuwa kupima tu nani kafifia nani hajafifia, mpaka inazimwa 2018 ilikuwa imeleta sayari zaidi ya 2,600.

Njia nyingine ni ya mtikisiko. Sayari inapoizunguka nyota na yenyewe inaivuta nyota, kwa hiyo nyota inayumba kidogo, inakuja kwetu inarudi nyuma, inakuja inarudi. Ni kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika mlio likikusogelea na likishakupita, mwanga nao unabadilika rangi kidogo sana chanzo chake kikisogea. Hivyo ndivyo Michel Mayor na Didier Queloz walivyoikamata 51 Pegasi b mwaka 1995 wakiwa kusini mwa Ufaransa, ya kwanza kuonekana inazunguka nyota inayofanana na jua, na mwaka 2019 wakapewa Nobel. Nyota ile ilikuwa inayumba kwa kasi ya mita kama 55 hadi 60 kwa sekunde. Wapinzani walikuwepo na hawakuwa wajinga, maana sayari yenyewe ilikuwa kubwa, karibu nusu ya uzito wa Mshtarii, halafu inazunguka kwa siku 4.2, wakati hapa kwetu Mshtarii inatumia karibu miaka 12! Vitabu vilisema sayari kubwa za gesi zinaumbika mbali kwenye baridi ambako kuna barafu ya kutosha, sasa hii imefikaje mlangoni kwa nyota? Jibu wanaloliamini wengi ni kwamba iliumbika mbali halafu ikasogea ndani polepole, au ikasukumwa.

Kinachoniuma zaidi kwenye stori hiyo ni kwamba kuna mtu alishasema mapema. Mwanaastronomia Otto Struve, mwaka 1952, aliandika makala fupi tu akisema hakuna sababu ya sayari kubwa kutokuwepo karibu kabisa na nyota zao, zikizunguka kwa siku chache, na kwamba vifaa vya wakati ule vingekaribia kuziona, kwa mtikisiko na kwa kufifisha mwanga, njia zote mbili akazitaja! Hakuna aliyehangaika nayo, wakakaa miaka 40 wanatafuta sayari zenye miaka mirefu kwa sababu za kwetu ziko hivyo. Hii ni habari jamani, iandikeni siku moja, haihitaji hata picha ya rangi.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye gazeti lenu hata mara moja. Nyie mnatuonyesha hizi sayari kubwa za moto moja baada ya nyingine mpaka mtu anadhani ulimwengu wote uko hivyo, kwamba sisi tumebahatika kukaa kwenye kona tulivu na kwingine kote ni tanuru. Sio kweli. Sayari kubwa za moto ni chache, ukichukua nyota 100 zinazofanana na jua unaweza kukuta moja tu inayo, au usikute. Zimejaa kwenye orodha kwa sababu ndizo rahisi kuzikamata, ni kubwa kwa hiyo zinafifisha mwanga sana, ni nzito kwa hiyo zinaitikisa nyota sana, na zinazunguka haraka kwa hiyo ndani ya wiki mbili ushaona mizunguko kadhaa. Halafu kuna suala la mkao, sayari ni lazima mzunguko wake uwe umelala sawa na macho yetu ndo tuione inapita mbele, iliyo karibu na nyota ina nafasi kama 1 kwa 10, ila ya umbali kama wa dunia na jua nafasi yake ni kama 1 kwa 200. Dunia kama hii yetu inaitikisa jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, ni mwendo kama wa kobe. Kwa hiyo orodha tuliyonayo inaonyesha zaidi tunavyotafuta kuliko vilivyopo.

Halafu ukishasahihisha hiyo hesabu ndo unakutana na ajabu yenyewe. Sayari zinazoonekana kuwa nyingi sana huko nje ni zile za katikati, kubwa kuliko dunia lakini ndogo kuliko Neptuni, ziko kwenye mifumo mingi mno, na sisi hapa hatuna hata moja. Hakuna! Kutoka dunia unaruka moja kwa moja mpaka Uranusi na Neptuni ambazo ni pana karibu mara nne. Septemba 2025 NASA walitangaza idadi ya sayari zilizothibitishwa imepita 6,000, na kundi ambalo limejaa humo, kwetu halipo kabisa. Kwa hiyo hicho kichwa cha habari cha "sayari ya ajabu" wakati mwingine mngeweka picha ya nyumbani.

Turudi kwenye almasi. Hii nayo mmeiandika na kuirudia, 55 Cancri e, miaka ya mwanga 41, pana karibu mara mbili ya dunia, inazunguka nyota yake kwa masaa kama 18. Mwaka 2012 Nikku Madhusudhan na wenzake walitoa hesabu kwamba ukichukua upana wake na uzito wake, na ukichukulia kwamba nyota yake ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, basi ndani ya sayari kunaweza kuwa na kaboni nyingi sana na sehemu yake ikawa almasi. Ilikuwa hoja halali. Mwaka uliofuata, 2013, wengine wakaipima nyota upya wakakuta oksijeni ndo nyingi kuliko kaboni, mguu mmoja wa hoja ukalegea. Mwaka 2024 James Webb ikaleta dalili kwamba sayari hiyo huenda ina hewa nzito ya gesi za kaboni, pengine inafuka kutoka kwenye bahari ya mawe yaliyoyeyuka chini yake. Bahari ya mawe yaliyoyeyuka inayotoa pumzi, na sisi bado tunaandikiwa almasi! Miaka zaidi ya kumi imepita, habari ya kwanza ilipewa ukurasa mzima, masahihisho hayakupewa hata mstari.

Kama almasi mnaitaka kweli, kuna moja ambayo ina mashiko zaidi na sijui kwanini haijapata umaarufu huo. Mwaka 2011 Matthew Bailes na wenzake walitangaza kitu kinachoizunguka pulsa moja kila baada ya masaa mawili na dakika kumi. Pulsa ni mabaki ya nyota iliyokufa, dogo, zito ajabu, linazunguka kwa kasi na kutupa mapigo ya redio kwa mpangilio kamili, kwa hiyo ukikuta mapigo yanawahi na kuchelewa kwa zamu unajua kuna kitu kinalivuta. Hicho kitu kina uzito kama wa Mshtarii ila upana wake hauwezi kufika hata nusu ya Mshtarii, kingekuwa kikubwa zaidi kingeshararuliwa, kwa hiyo kimeshindiliwa kweli kweli, na inaelekea zamani kilikuwa nyota nacho, kikanyonywa mpaka kikabaki kiini cha kaboni na oksijeni kilichoganda. Wenyewe wako makini kusema sio almasi ya kuvaa kidoleni.

Na huyo Bailes nimemtaja makusudi. Mwaka 1991 yeye na Andrew Lyne na mwenzao wa tatu walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba wamepata sayari inayozunguka pulsa nyingine, mzunguko miezi sita, ingekuwa ya kwanza kabisa kupatikana nje ya mfumo wetu. Dunia nzima ikaandika. Miezi michache baadaye Lyne akagundua kwamba kwenye hesabu zao walikuwa wameichukulia njia ya dunia kuzunguka jua kana kwamba ni duara kamili, wakati imepinda kidogo, na huo mpindo ndo ulikuwa unawaletea "sayari" ya miezi sita. Walikuwa wanaipima dunia yao wenyewe! Januari 1992, kwenye mkutano wa wanaastronomia huko Atlanta ambako alikuwa amealikwa kuielezea sayari yake, Lyne alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasema sayari haipo, akaeleza ilivyotokea, na watu wakampigia makofi ya nguvu. Aliyepanda baada yake alikuwa Aleksander Wolszczan, ambaye na Dale Frail walikuwa na sayari mbili kwenye pulsa inayozunguka mara 160 hivi kwa sekunde moja, walizipata kwa darubini kubwa ya redio ya Arecibo. Hizo zilisimama. Mpaka leo zipo, na ya tatu ikaongezeka. Kuna gazeti lingeweza kutamani stori kuliko hiyo? Lakini kwa mtindo wenu wa sasa ingeandikwa ya 1991 tu.

Sijasema msiandike maajabu, maajabu yapo na mengine hayahitaji hata kuongezewa chumvi. KELT-9b, upande wake wa mchana una nyuzi kama 4,300, nyota nyingi ndogo hazifiki joto hilo, jua letu lenyewe usoni ni 5,500. Huko chuma sio kwamba kimeyeyuka, kimekuwa gesi, atomu zake zimeonekana kwenye mwanga mwaka 2018, na hata molekuli za haidrojeni zinaachana mchana na kurudiana zikipelekwa upande wa usiku. WASP-12b imevutwa na nyota yake mpaka imekuwa na umbo la yai, mzunguko wake unapungua kidogo kila mwaka na baada ya miaka milioni kadhaa itakuwa imekwisha, na ni nyeusi, karibu mwanga wote unaoipiga inaumeza. HD 80606 b ndo kichaa wao, mzunguko wake wa siku 111 umerefuka kupita kiasi, muda mwingi iko mbali halafu inakuja inapita karibu na nyota kwa kasi, na darubini ya Spitzer iliipima ikipita hapo, joto lilipanda kutoka karibu nyuzi 500 hadi karibu 1,200 kwa masaa sita. Masaa sita! Hiyo imepimwa moja kwa moja, hakuna "kama" ndani yake, au zipo chache.

WASP-76 b iko katikati ya zile zilizopimwa moja kwa moja na zile za "kama", na ndo mfano mzuri wa ninachowaomba. Ile ya mvua ya chuma, mwaka 2020, kundi la David Ehrenreich. Sayari hii upande mmoja unatazama nyota siku zote na mwingine ni usiku wa milele, mchana nyuzi zaidi ya 2,400. Inapopita mbele ya nyota unaona kingo zake mbili, ukingo wa jioni ambako hewa inatoka mchana kuingia usiku, na ukingo wa asubuhi ambako inatoka usiku kurudi mchana. Kwenye ukingo wa jioni waliona mvuke wa chuma, kwenye wa asubuhi hawakuuona. Chuma kiliingia usiku hakikutoka, kimeenda wapi? Kimeganda kikadondoka, wakasema. Baadaye wengine wakatoa maelezo tofauti kwa data ile ile, kwamba tofauti ya joto au mawingu vinaweza kuleta mwonekano kama huo bila mvua yoyote. Sasa niambie Mhariri, huo mstari wa chuma kiliingia usiku hakikutoka, kuna msomaji gani asingeuelewa? Hata mtoto wa shule angeuelewa na angebishana na mwenzake kutwa. Ila mkaandika mvua ya chuma yanyesha, kwisha.

Na picha. Hapa ndo nawalaumu hasa. Mwaka 2017 zilipotangazwa sayari saba za TRAPPIST-1, miaka ya mwanga 40 hivi, zote kubwa kama dunia kwa makadirio, mlitoa picha ya ufukwe, maji ya bluu, na sayari jirani zimening'inia angani. Kweli kabisa ukisimama kwenye mojawapo jirani zake zingeonekana kubwa kama mwezi au zaidi, zimebanana sana, ya mbali kuliko zote inamaliza mwaka wake kwa siku kama 19. Lakini ule ufukwe ulitoka kwa mchoraji, hakuna maji yaliyoonekana huko. Mwaka 2023 James Webb ilipopima joto la ile ya ndani kabisa ikakuta inaelekea haina hewa ya maana, jiwe tupu linaloungua. Picha ya ufukwe bado inazunguka kwenye simu za watu, imeandikwa jina la gazeti lenu pembeni, na neno "mchoro" halipo popote.

Picha za kweli zipo chache, na mngeziweka watu wangezipenda. Kuna nyota inaitwa HR 8799, miaka ya mwanga kama 130, mwaka 2008 Christian Marois na wenzake walipiga picha sayari tatu zikiizunguka, 2010 ikaongezeka ya nne. Ni nukta. Nukta nne na katikati nyota imezibwa ili isiunguze picha, na wakiunganisha picha za miaka mingi unaziona nukta zinasogea kwenye njia zao. Ni ulimwengu mwingine unaona kwa macho unazunguka, hakuna bahari wala machweo, na mimi nimeitazama hiyo video fupi mara nyingi kuliko michoro yote mliyowahi kutoa. Sayari hizi nazo zilionekana kwa sababu ni kubwa mno, nzito kuliko Mshtarii mara kadhaa, bado changa na za moto, na ziko mbali na nyota yao, hivyo tena ni vile tu vinavyokubali kuonekana.

Najua mtajibu kwamba nafasi ni ndogo na msomaji wa kawaida anataka habari ya haraka. Sikubaliani. Msomaji huyo huyo mnampa kurasa mbili za uchambuzi wa goli la kuotea, mistari imechorwa, mishale, bega la nani lilitangulia, na anasoma yote. Anaweza kuelewa nyota imefifia asilimia moja. Wengine wanauliza vitu vya maana kuliko mnavyodhani, kama kwanini wasitume chombo kikaangalie, na jibu lake ni sentensi moja tu, Voyager 1 iliyorushwa mwaka 1977 kwa kasi yake ya kilomita 17 hivi kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali wa nyota iliyo jirani kuliko zote, Proxima Centauri, miaka ya mwanga 4.2 tu, ambayo nayo ina sayari yake iliyotangazwa 2016. Ndo maana kila tunachojua kimetoka kwenye mwanga uliokuja wenyewe.

La mwisho ni hili la K2-18b, maana hapa mmetuacha hewani. Aprili 2025 mlitoa kwa herufi kubwa kwamba dalili za uhai zimeonekana. Sayari yenyewe iko miaka ya mwanga 124, uzito wake zaidi ya mara nane wa dunia, ni wale wale wa katikati ambao kwetu hawapo, na mwaka 2023 James Webb ilikuta methani na kaboni dioksidi kwenye hewa yake, hilo halina kelele sana. Kelele ni gesi inaitwa dimethili salfaidi, ambayo hapa duniani inatoka hasa kwa vijimea vidogo vya baharini. Aliyeongoza utafiti ni Madhusudhan yule yule wa almasi, sasa yuko Cambridge, na yeye na wenzake walisema wazi kwamba ushahidi haujafika kile kiwango wanachokihesabu kuwa ugunduzi. Ndani ya wiki chache makundi mengine yakachukua data ile ile, yakaichambua kwa namna zao, yakasema haionyeshi gesi hiyo kwa uhakika. Tena gesi yenyewe ilishaonekana kwenye kimondo chenye mkia kiitwacho 67P, ambako hakuna bahari wala vijimea, kwa hiyo hata ikithibitika kesho bado maswali yapo. Hayo yote hamjatuandikia hata aya moja, nimetafuta. Hiyo sayari inapita mbele ya nyota yake kila baada ya siku 33, vipimo vingine vitakuja tu, na vikija vikasema hamna kitu naomba muandike kwa herufi za ukubwa ule ule mlioandikia uhai.

Ni mimi msomaji wenu.